Moto wa Kahawa wa Mama Mkumbo

Ipo asubuhi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, wala sitaki kuisahau. Nilikuwa nimesimama mbele ya moto wa mama mkwe wangu, ndoo ya maji mkononi, na watu wa mstari wetu wa nyumba wote wakiniangalia mimi. Nilikuwa nimeamriwa niuzime moto ule.

Kabla sijakueleza nilifanya nini na ndoo, kaa kwanza. Ninyi vijana mnapenda mwisho wa habari kabla ya mwanzo wake, kama mtu anayemaliza mboga wakati ugali bado uko jikoni. Mimi nitakwenda taratibu, na wewe utanivumilia. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mtu aliyeona mengi hawezi kuyasimulia akiwa amesimama.

Mama mkwe wangu alijulikana kwa jina la Mama Mkumbo, kwa sababu ya mwanawe wa kwanza, Mkumbo, aliyekuja kunioa. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Enzi za mkoloni, yeye na mumewe walitoka huku kwetu Iramba wakafuata kazi kaskazini, kwenye mashamba ya kahawa ya masetla. Walichuma kahawa miaka mingi. Lakini kunywa hawakuruhusiwa. Kahawa ile ilikuwa ya kupanda meli kwenda kwa watu wengine, na mchumaji aliyekutwa na punje mfukoni alifukuzwa kambini.

Basi wanawake wa kambi walikuwa wakiokota punje zilizoanguka zikakanyagwa matopeni, zile ambazo hata msimamizi hakuzitaka. Walizikausha, wakazikaanga juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, wakazitwanga, wakazichemsha kwenye kopo la samli nyuma ya vibanda vyao. Siku moja nilimuuliza, "Mama, hiyo haikuwa kahawa ya wizi?" Akaacha kutwanga, akanitazama. "Wizi wa nani kwa nani, mwanangu?" Akaendelea kutwanga.

Mumewe alifia huko huko. Mama Mkumbo alirudi Iramba na mtoto wake mgongoni, blanketi la marehemu kichwani, na ile tabia ya kahawa. Watu wanasema Uhuru ulipopatikana, wengine waliimba, wengine walichinja. Yeye aliyang'oa mafiga yake nyuma ya nyumba, akayasimika mbele, kando ya njia, mchana kweupe, akakaanga buni hadi harufu ikafika kisimani. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yake.

Na kahawa yake, mwanangu, usifikiri ilikuwa kitu cha anasa. Dada yake aliyeolewa kule kaskazini alimletea buni kwa madereva wa malori, kidogo kidogo. Mama Mkumbo alizikaanga kwenye kigae juu ya kuni za mgunga, akizigeuza kwa kijiti mpaka zikatoa mafuta na kung'aa. Alizitwanga kwenye kinu hicho hicho cha uwele. Birika lake lilikuwa jeusi tititi, limevaa masizi kama koti. Aliiacha ichemke mpaka ipande, akaishusha, akairudisha, akaishusha tena, kisha akairashia maji baridi kidogo ili machicha yazame. Hata hivyo yalikuwa yanabaki kwenye meno. Ilikuwa chungu, ina harufu ya moshi, na haikuwa na sukari. Mtu aliinywa akakunja uso, kisha akaomba nyingine.

Ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa. Tuliambiwa tuhame kutoka maskani yetu ya zamani, twende kukaa pamoja kwenye tambarare ya mbele ya Misigiri. Tukaondoka na mbuzi, na vinu, na watoto. Nyumba zikapangwa kwa mistari, na jirani yako akawa mtu ambaye hujawahi kukaa naye.

Sisemi ujamaa ulikuwa mbaya. Mtu asikudanganye kwamba wazee wote tunalalamika. Wanangu walipata shule karibu, na nilijifungulia kwenye zahanati badala ya kujifungulia shambani kama mama yangu. Jambo jema nalitaja jema. Lakini jema la mtu haliwi ruhusa ya kukufunga mdomo, na hapo ndipo habari yangu inapoanza.

Jirani yetu mpya aliitwa Mzee Hamisi. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo, na baina ya ukoo wake na ukoo wa mume wangu kulikuwa na ugomvi wa zamani wa malisho. Watu wazima walipishana njiani bila salamu. Wanaume wetu walikuwa na pombe yao ya mtama, na Mzee Hamisi hakukaa kwenye pombe. Kwa hiyo wangekutana wapi?

Walikutana kwenye kahawa. Asubuhi ya kwanza kijijini, kabla hatujaezeka hata paa, Mama Mkumbo aliweka mafiga yake kwenye njia kati ya mstari wetu na mstari wao. Harufu ikatembea. Mzee Hamisi akatoka, akasimama mbali, amejifunga shuka. Mama Mkumbo hakumwita. Alimimina kahawa kwenye kikombe cha bati, akakiweka juu ya jiwe upande ule aliosimama yule mzee, akaendelea na kazi zake. Baada ya muda Mzee Hamisi alisogea, akachuchumaa, akanywa. Kisha akasema, "Kali." Mama Mkumbo akamjibu, "Maisha ni matamu?" Wote wawili wakacheka, na ugomvi wa baba zao ukaanza kufa hapo.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shamba la kijiji, watu wa mistari yote miwili walipitia pale. Walioposwa walijulikana pale, wagonjwa waliulizwa hali pale. Na pale pale ndipo likaanza kuzungumzwa jambo la mashamba.

Maana ile tambarare ilikuwa mbuga, udongo mweusi. Mvua ikinyesha unazama hadi magotini. Jua likiwaka ardhi inapasuka mtoto anatumbukiza mguu. Uwele wetu haukukubali. Mwaka wa kwanza tulivuna mabua. Mwaka uliofuata, mvua zilipokaribia, akiba ilikuwa imekwisha na watoto walikuwa wameanza kuvimba mashavu kwa njaa. Wakati huo huo mashamba yetu ya zamani, kule mahame, maskani tuliyoyahama, yalikuwa yamelala, udongo mwekundu mzuri, mwendo ambao mtu mwenye jembe anaumaliza kabla jua halijakuwa kali. Lakini ilikuwa marufuku kurudi mahame. Iliogopwa kwamba ukirudi kulima, utarudi kulala, na kijiji kitavunjika.

Kwenye mikutano tuliitikia tu. Mtu akisimama mbele ya meza yenye kitambaa, ulimi huwa mzito. Lakini ukiwa umechuchumaa, kikombe cha moto kati ya viganja, unasema. Watu wakaanza kusema: tuombe ruhusa tukalime mahame, tulale hapa. Wakasema mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti.

Katibu wa kijiji akasikia. Aliitwa Ndugu Danieli, kijana aliyetoka wilaya nyingine, msomi, mchapakazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ikipewa cheo huwa kali. Hakutaka kulijibu lile neno la mashamba. Aliona afadhali auondoe ule moto.

Akaja na ya kisasa. Akafungua mgahawa wa kijiji kwenye chumba kando ya ofisi. Kulikuwa na stovu ya mafuta ya taa iliyounguruma kama nyuki, birika jeupe, vikombe vya udongo mweupe, na kahawa ya kopo. Ile ya kopo, mwanangu, ilikuwa unga tu. Kijiko kimoja, maji ya moto, sukari, koroga, basi. Hakuna kukaanga, hakuna kutwanga, hakuna machicha. Akanichagua mimi niwe mhudumu, kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule na nilijua kusema "karibu ndugu" bila aibu. Nikapewa aproni. Nilifurahi, sikufichi. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Watu walikuja, wakaionja, wakaisifu. Ilikuwa tamu kweli. Lakini kahawa ile ilitolewa dirishani. Ndani hapakuwa na pa kukaa, na ubaoni paliandikwa: KUNYWA, NENDA KAZINI. Mtu alikunywa amesimama, akarudisha kikombe, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake mtoto ameamkaje. Baada ya siku chache wote wakarudi kwa Mama Mkumbo.

Ndipo likatangazwa katazo. Moto wa kahawa wa njiani umepigwa marufuku. Ni mambo ya kizamani, unatishia mapaa ya nyasi, unapoteza muda wa kazi, unazaa umbea.

Asubuhi iliyofuata Mama Mkumbo aliwasha moto wake kama kawaida.

Ndugu Danieli akaja na mgambo mmoja, kijana wa hapo hapo kijijini aitwaye Yona. Mimi nilikuwa nyuma yao na aproni yangu, maana aliniambia nifuatane naye, na nibebe ndoo ya maji kutoka mgahawani. Alianza na shikamoo. Huku kwetu hata mtu aliyekuja kukuzimia moto lazima aanze na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Mkumbo. "Karibu kahawa."

"Mama, tangazo umelisikia."

"Nimelisikia. Nina masikio."

"Basi uuzime mwenyewe, tusifike mbali."

Mama Mkumbo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Hakuinuka. Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kisimani. "Moto huu niliuficha kwa mkoloni, nyuma ya kibanda, kwa sababu yeye hakuwa wangu. Wewe ni mwanangu. Kwa umri wako, ungeweza kutoka tumboni mwangu. Kwa hiyo kwako sitajificha. Unataka nizime moto, au unataka watu hawa wasikuambie kwamba watoto wao wana njaa? Kama ni hilo la pili, sema hilo la pili."

Jasho likamtoka Ndugu Danieli. Akanigeukia mimi. "Ndugu Eliza, mwaga maji."

Mwanangu, fikiri. Mbele yangu mama wa mume wangu. Ubavuni mwangu mkubwa wangu wa kazi. Na ile ndoo. Maji ambayo wanawake tulikuwa tumeyafuata gizani kwenye makorongo, tukayachota kwa kata, tukayabeba kichwani hadi shingo ikauma. Maji ya kunywa. Nilikuwa nimeinamisha macho, kama nilivyofundishwa kufanya mbele ya wakubwa.

Ndipo Mama Mkumbo akanikaripia. Hakupaza sauti. Alisema, "Eliza, inua uso. Huko kunyamaza kwako ni kwa heshima au ni kwa woga?"

Tangu utotoni nilidhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Nikaivua aproni, nikaitundika kwenye bega la Yona kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Nikasogea kwenye mafiga, nikafunua birika lile jeusi, nikamimina maji ndani yake mpaka likajaa. Nikafunika. Nikaongeza kuni.

Mzee Hamisi alipiga kofi moja kwenye paja lake, akasema, "Alhamdulillahi, leo tutashiba." Watu wakaangua kicheko.

Lakini kicheko hakikumaliza neno. Ndugu Danieli aliaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta pa kushika. Akaamuru Mama Mkumbo afungiwe kwenye ghala la kijiji mpaka ajue sheria. Yona alimshika mkono, mkono wa bibi aliyewahi kumlisha uji. Mama Mkumbo akajitoa, akasema, "Natembea mwenyewe," akatangulia mbele, kanga yake begani, kama anakwenda kanisani. Tukasikia komeo la ghala likifungwa.

Kengele ya shamba ikalia. Hakuna aliyekwenda. Sijui nani alianza. Nafikiri ni mke wa Mzee Hamisi. Aliokota figa moja, likiwa bado la moto, akalizungushia matambara, akalibeba kuelekea ghala. Mimi nikabeba la pili. Mwingine akachukua la tatu, mwingine birika, mwingine vijinga vya moto. Tukayapanga mafiga mbele ya mlango wa ghala. Tukawasha. Wanaume wakaja na vigoda, Wakristo na Waislamu, wazee na vijana, wakakaa. Hatukuimba, hatukupiga kelele, hatukutukana mtu. Tulichemsha kahawa.

Kahawa ile niliipika mimi, na ilikuwa mbaya. Niliacha buni zikaungua. Mama Mkumbo alisikia harufu kutoka ndani, akapaza sauti: "Eliza! Unanipikia makaa?" Hata Yona, aliyekuwa analinda mlango, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Tulikaa pale mpaka jua lilipopita utosini. Ndugu Danieli alitoka ofisini, akarudi, akatoka tena. Alitisha kwamba atapeleka habari Kiomboi, wilayani. Mzee Hamisi akamjibu kwa upole, "Peleka, mwanangu. Ndilo tunaloliomba siku zote. Na sisi tutakupa wazee wa kufuatana nawe, ili habari isichoke njiani." Ndugu Danieli aliwageukia watoto wetu waliokaa mavumbini, wenye mashavu yaliyovimba, akawatazama kwa muda mrefu, nafikiri kwa mara ya kwanza. Kisha akamwambia Yona afungue.

Mama Mkumbo alitoka na vumbi la magunia kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye birika, akaonja, akatema. Akamwaga yote, akaanza upya: kukaanga, kutwanga, kuchemsha. Watu wakangoja. Ndugu Danieli alikuwa amesimama pembeni peke yake, kama mgeni asiyejua mlango. Yona akamtania, "Katibu, kahawa yako iko dirishani." Vijana wakacheka.

Mama Mkumbo akamgeukia Yona kwa jicho ambalo sitaki kulielezea. "Asichekwe mtu aliyekuja kwenye moto. Tumemkatalia neno lake, hatukumkatalia utu wake." Kikombe cha kwanza akampa Ndugu Danieli. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakunja uso. Akanywa yote.

Kesho yake aliondoka na Mzee Hamisi na mzee mwingine kwenda Kiomboi. Waliporudi, walirudi na ruhusa: tulime mahame msimu ule, tulale kijijini. Tulipanda uwele na mtama kwenye udongo wetu mwekundu. Hatukutajirika. Lakini watoto wale walikula, na wengi wao leo nao wana wajukuu. Mgahawa uliendelea kidogo, kisha mafuta ya taa yakaadimika, makopo yakaisha, na chumba kikawa cha kufugia kuku.

Sasa nikuambie la siku hizi. Mjukuu wangu Neema anafanya kazi Arusha, mahali panapouzwa kahawa tu. Nilikwenda kumtembelea. Kuna mashine kubwa inayopuliza mvuke kama treni, kuna mzani wa kupimia unga, kuna chombo cha kioo ambacho kahawa inashuka ndani yake tone kwa tone kupitia karatasi. Akaniambia, "Bibi, ile ya kwenye moto mnaiunguza. Maji yakichemka sana yanaua ladha." Akanipikia yake. Nikanywa. Ilikuwa nzuri, safi, haina hata chembe ya machicha. Sitasema uongo ili nionekane mtetezi wa zamani. Neema anaijua kazi yake, nami nilimwambia hivyo.

Lakini nilitazama pande zote. Kila mtu alikuwa na meza yake, na kikombe chake, na simu yake. Mwanamke mmoja karibu yangu alikuwa analia kimyakimya. Walipita waliopita, na mashine ikapuliza. Nikasogeza kiti changu mpaka kwake. Neema akaninong'oneza, "Bibi, huku watu hawafanyi hivyo." Nikamwambia, "Huku watafanya leo." Nikamuuliza yule mama ana nini. Alikuwa ametoka kumzika kaka yake. Tukakaa naye mpaka akaweza kusema jina la marehemu bila sauti kukatika.

Basi, mwanangu, usiniambie nimepitwa na wakati. Nimepitwa na mengi, na mengine yalipita vizuri. Tumia mashine. Tumia karatasi na kioo na mzani. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kila kitu kipya kikiletwa kwako, usiulize tu kama ni kitamu au kama ni cha haraka. Uliza: kinatukalisha pamoja au kinatutawanya? Na yule anayekuambia cha zamani ni ujinga, mwulize kwa adabu anaogopa kitasemwa nini pale watu wanapokaa pamoja.

Waheshimu wakubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli, nami sitaki uvunjike. Lakini ujue mkuu naye ana masikio, na wajibu wako ni kuyapa kazi. Ukiinamisha macho, yainamishe kwa heshima tu. Siku utakayoona unayainamisha kwa woga, inua uso, hata kama ndiwe peke yako uliyesimama. Kataa neno baya bila kumtukana aliyelisema, na ukishinda, mpe yeye kikombe cha kwanza.

Mungu akupe shingo isiyopinda na ulimi usiochoma. Akupe majirani watakaokuja wakisikia umefungiwa. Mvua ikukute umeshapanda, njaa ikukute una akiba, na uzee ukukute na wajukuu wabishi kama wewe. Nenda salama, mwanangu.